UZI: Mteja anataka ISO 9001, MAQMSR na PPAP ngazi ya 3, na anayetupigia zinki hana hata karatasi moja. Tuanzie wapi?

Kiwanda_Kidogo (mwenye uzi)

Wakuu, habari za humu.

Kiwanda kipo Nairobi, Eneo la Viwanda. Wafanyakazi 38, presi nne, kazi ni kukata, kutoboa na kukunja bati la chuma. Mteja yuko Afrika Kusini, ni msambazaji wa ngazi ya kwanza kwa watengeneza magari. Anataka breketi 40,000 kwa mwaka. Bati ni mm 2.5. Tundu moja la mm 8.5, toleransi (tofauti inayoruhusiwa) ±0.1 baada ya zinki, na mchoro umeliwekea alama ya sifa maalumu, yaani kipimo cha kudhibitiwa kwa uangalifu wa ziada. Zinki isipungue mikroni 8, kromi-6 (aina ya kromi yenye sumu) marufuku.

Barua yake kwa ufupi:
- cheti cha ISO 9001 (kiwango cha kimataifa cha kusimamia ubora) kutoka shirika lenye ithibati, ndani ya miezi 12
- kukidhi MAQMSR (masharti ya chini ya ubora kwa wasambazaji wa sekta ya magari), watakuja kukagua wenyewe
- PPAP ngazi ya 3 (folda ya ushahidi na sampuli za kuidhinishwa na mteja) kabla ya shehena ya kwanza
- CQI-11 (tathmini ya mchakato wa kupiga zinki) kutoka kwa anayepiga zinki

Zinki tunapeleka nje, sisi hatuna bafu. Tuanze na kipi? Na je, si afadhali tuende IATF 16949 (kiwango cha ubora cha sekta ya magari) moja kwa moja tumalizane nayo?

---

Mkaguzi_wa_Nje

Usikimbilie IATF. Hamjaombwa, na kwa sasa hampati.

IATF 16949:2016 haisimami peke yake, inasomwa juu ya ISO 9001:2015. Kifungu cha 8.4.2.3 ndicho kinachomlazimisha mteja wako akuandikie barua ile. Kinampa ngazi za kuwapandisha wasambazaji wake: kwanza kukidhi ISO 9001 kwa ukaguzi wa mteja mwenyewe, halafu cheti cha ISO 9001, halafu cheti hicho pamoja na MAQMSR, halafu cheti hicho pamoja na kukidhi IATF kwa ukaguzi wa mteja, na juu kabisa cheti chenyewe cha IATF. Nyinyi mmewekwa ngazi ya tatu. MAQMSR ni kipande kilichokatwa kutoka IATF kwa ajili ya watu wa ngazi za chini kama nyinyi, kwa hiyo kazi mtakayoifanya haitapotea mkiamua kupanda baadaye.

IATF yenyewe inadai rekodi za miezi 12 za ukaguzi wa ndani na za utendaji kabla ya ukaguzi wa hatua ya pili (hatua ya kwanza huangalia utayari, ya pili ndiyo ya kutoa cheti). Hiyo miezi hainunuliki. Tena cheti ni cha eneo linalotengeneza sehemu zilizoagizwa na mtengeneza gari. Ukitengeneza pedi za breki kwa jina lako ukaziuza kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, hata ziwe nzuri namna gani, hazikupi haki ya kuomba cheti.

Sasa ISO 9001. Siku za ukaguzi hazipangwi kwa kubembelezana, kuna jedwali la IAF MD 5, hati ya jukwaa la kimataifa la mashirika ya ithibati. Watu 26 hadi 45 ni siku 4 kwa hatua ya kwanza na ya pili zikijumlishwa, kabla ya kuongeza au kupunguza kwa sababu zinazoandikwa. Ukaguzi wa ufuatiliaji wa kila mwaka ni kama theluthi ya hizo. Akija mtu na nukuu ya siku moja na cheti wiki ijayo, mshukuru umfungulie geti.

Kwenye cheti tafuta alama mbili: ya shirika lililotoa cheti, na ya shirika la ithibati lililo ndani ya makubaliano ya kimataifa ya kutambuana. Alama ya pili isipokuwepo, mteja wako atakikataa. Jina likishatoka, liangalie kwenye IAF CertSearch, hifadhidata ya vyeti ya mtandaoni.

---

Swali_Dogo

Samahani naingilia. Hawa wanaounganisha magari hapa kwetu, Isuzu na Toyota, nao wanadai IATF?

---

Mkaguzi_wa_Nje

Isuzu na Toyota si wanachama wa IATF, kundi lenye kiwango hicho. Wanachama ni kina BMW, Ford, GM, Stellantis, Volkswagen, Mercedes-Benz, Renault na wengine wachache. Asiye mwanachama anaweza kudai cheti hicho, au akadai vitabu vyake mwenyewe. Soma mkataba, usisome jina la gari.

---

Mwenye_Mafaili

Mnajitesa bure. Kuna mafaili yanauzwa kamili, taratibu zote, FMEA (uchambuzi wa makosa yanayoweza kutokea na kinga zake), mpango wa udhibiti (kipi kipimwe, lini na vipi). Unabadilisha jina la kampuni tu. Wiki moja umemaliza.

---

MzeeWaPresi

Na wiki ya pili umeumbuka.

Mkaguzi aliyezoea viwanda vya magari haanzii ofisini kwenye faili. Anaokota breketi moja kwenye kreti pale presi anauliza: hili tundu lina alama gani kwenye mchoro? Kisha anavuta uzi huohuo. Mchoro, mtiririko wa kazi, FMEA ya mchakato, mpango wa udhibiti, karatasi ya maelekezo iliyobandikwa kwenye mashine, rekodi ya shifti. Alama ya sifa maalumu lazima ionekane kwenye kila kimoja. Faili la kununua linakatika hapo hapo: mpango unasema pima vipande 5 kila saa, rekodi inaonyesha kimoja kila saa mbili. Au FMEA inataja mashine ambayo haipo kiwandani. Namba ya hatua nayo: hatua ya 30 kwenye mtiririko ni kutoboa, kwenye FMEA hatua ya 30 ni kufungasha. Hayo hayafichiki.

FMEA ya breketi kama yenu ni kazi ya siku mbili, mkiketi watu wanne: fundi wa dai (kifaa cha presi cha kukata na kukunja bati), mwendesha presi, mtu wa ubora na mtu wa stoo. Tumieni kitabu cha AIAG na VDA cha 2019. Kile kimeacha kuzidisha namba tatu (uzito wa kosa, mara linapotokea, ugumu wa kuligundua), kinatumia kipaumbele cha hatua: juu, kati, chini. Andikeni makosa yanayotokea kweli kwenye presi:

- Kipande cha chuma kilichokatwa kwenye tundu kupanda na panchi (kichuma kinachotoboa) na kurudi kwenye uso wa bati. Pigo linalofuata linakigandamiza na kuacha shimo juu ya breketi. Chanzo huwa panchi iliyopata usumaku, mwanya mkubwa mno kati ya panchi na dai, au mafuta mazito.
- Breketi kugeuzwa kabla ya kukunjwa, ncha kali inakaa upande usiotakiwa. Dawa ni pini kwenye dai inayokataa kipande kilichogeuzwa. Bango la "KUWA MAKINI" halihesabiki kuwa kinga.
- Panchi kuvunjika ukingoni, tundu linabaki na ulimi.
- Bati lisilo lenyewe kupandishwa kwenye mashine kwa sababu mabati mawili ya unene uleule yanakaa pamoja stoo bila lebo.

Hilo la mwisho ndilo linalowapata wengi. Kila bunda liwe na namba ya myeyusho (bechi ya chuma kiwandani) inayolingana na cheti cha chuma cha EN 10204 aina ya 3.1, yaani cheti cha vipimo cha aliyetengeneza chuma. Ukinunua bati lililokatwa kwa muuza chuma na lebo ikabaki kwake, ufuatiliaji umefia hapo, hata ukiwa na fotokopi ya cheti.

---

BintiVernia

Mwenye uzi, kabla hujapiga hesabu yoyote ya uwezo wa mchakato, shughulikia kipimo. Watu wanaruka hapa halafu wanalaumu presi.

Toleransi yenu nzima ni mm 0.2. Kanuni ya kawaida ni chombo kusoma sehemu ya kumi ya toleransi, yaani 0.02. Vernia (kipimo cha taya) ya 0.02 inafaa kwenye karatasi, ila kwa tundu dogo haifai. Taya zake za ndani zina uso bapa kidogo, kwenye duara la mm 8.5 hazikai kwenye kipenyo kamili, kwa hiyo inasoma pungufu. Tumieni geji ya ndani ya nukta tatu kwa vipimo, na pini mbili (8.40 inapita, 8.60 haipiti) kwa mwendesha presi.

Kisha jaribio la mfumo wa kipimo: vipande 10, watu 3, kila mmoja apime mara 3 bila kuona majibu yake ya mwanzo. Jumla usomaji 90. Asilimia ya kosa la kipimo ikiwa chini ya 10 ni sawa, kati ya 10 na 30 inajadiliwa na mteja, juu ya 30 chombo hicho kiwekeni kando. Idadi ya makundi ya ukubwa ambayo chombo kinaweza kuyatofautisha isipungue 5. Kosa maarufu: kuchukua vipande 10 vilivyofuatana kutoka presi. Vyote vinalingana, chombo kinaonekana kibovu wakati si kibovu. Chagueni vipande kutoka siku na shifti tofauti.

Jambo la pili, na hili lipelekeni kwa mteja KABLA ya kutengeneza dai. Tundu la kutoboa kwa panchi si bomba lililonyooka. Sehemu ya juu ni laini inang'aa, ina kipenyo cha panchi. Chini yake chuma kimepasuka, pale tundu linapanuka kuelekea kipenyo cha dai. Kwa bati la 2.5 na mwanya wa asilimia 8 kila upande, tundu la dai ni kubwa kuliko panchi kwa mm 0.4. Maana yake upande wa kutokea unaweza kufika 8.8 au zaidi, na mchoro unaishia 8.6. Pini haitakuonyesha kwa sababu inashikwa na sehemu nyembamba. Mashine ya kupimia ya mteja ikigusa karibu na upande wa chini, shehena inarudi. Ombeni noti kwenye mchoro: kipimo kinahusu sehemu laini tu. Wengi hukubali, lakini iwe kwa maandishi yenye namba ya toleo la mchoro.

Na stika ya kalibresheni si cheti. Maabara iwe na ithibati ya ISO/IEC 17025, na upeo wake utaje kipimo hicho hicho. Maabara yenye ithibati ya mizani haijapata ithibati ya geji za ndani.

---

Kiwanda_Kidogo

Dada BintiVernia, hili la sehemu laini hatukuliwaza kabisa. Asante.

Tulipima majaribio kwa vernia, usomaji 125. Wastani 8.54, sigma (kipimo cha kutawanyika) 0.018. Mteja anasema Ppk (namba ya uwezo wa mchakato kubaki ndani ya mipaka) haitoshi. Tupunguze panchi iwe 8.50 katikati?

---

MzeeWaPresi

Hesabu yako: kutoka 8.54 hadi 8.60 ni 0.06. Gawa kwa sigma tatu, 0.054. Unapata 1.11. PPAP inataka zaidi ya 1.67 kwa uchunguzi wa mwanzo. Kati ya 1.33 na 1.67 mteja anaweza kukubali, chini ya 1.33 hapana. Ukihamia 8.50 unapata 1.85, kwenye karatasi. Ila usifanye hivyo.

Panchi huchakaa, na ikichakaa tundu linapungua. Kunoa uso wa panchi hakurudishi kipenyo, kunarudisha ukali tu. Ukianzia katikati, una nusu tu ya nafasi ya kushuka. Halafu zinki inakula: mikroni 8 kila upande ni mm 0.016 kwenye kipenyo.

Tatizo lako ni sigma. Panchi moja kwenye presi isiyolegea haitoi sigma ya 0.018 kwenye kipenyo. Sehemu kubwa hapo ni vernia na mikono ya wapimaji. Rudia kwa geji ya nukta tatu. Ikishuka hadi 0.008, basi unahitaji 0.04 tu kutoka kila mpaka ili upate 1.67, yaani wastani unaruhusiwa kutembea kati ya 8.44 na 8.56. Hapo panchi mpya ya 8.55 inakupa kama 8.53 baada ya zinki, na unayo nafasi ya kuchakaa karibu mm 0.09 kabla ya kuibadilisha. Weka kikomo cha mapigo kwenye kadi ya dai, usingoje pini ikatae.

Vipimo vya PPAP viwe makundi yasiyopungua 25, usomaji usiopungua 100. Vitoke kwenye uzalishaji halisi: saa 1 hadi 8 mfululizo, vipande visivyopungua 300 kama mteja hajasema vingine, kwa dai la kudumu, presi ile ile, na wafanyakazi wa kawaida. Siku hiyo usimweke msimamizi kwenye presi.

---

ZinkiNaTindikali

Nyongeza kwa mzee: zile 300 zote ziende kwenye zinki kwa njia ileile itakayotumika kila siku. Kuna wanaotoboa 300, kisha wanapiga zinki 10 kwa kuning'iniza moja moja zipendeze, wakati uzalishaji utakuwa wa pipa linalozunguka. Hiyo PPAP ni ya mchakato usiokuwepo.

Pia mikroni 8 ni kiwango cha CHINI. Kwenye pipa unene hutofautiana, kona zinapata nyingi, katikati na ndani ya tundu kidogo. Ili chini isishuke 8, wastani itabidi uwe 11 au 12. Kwa hiyo muulizeni mteja unene upimwe wapi: uso gani, umbali gani kutoka ukingoni. Ndani ya tundu mara nyingi hapahesabiwi, lakini lazima iandikwe. Breketi zilizokunjwa nazo hupachikana mbili mbili ndani ya pipa, pale zilipogusana zinki haifiki. Angalieni umbo, huenda mkalazimika kuning'iniza kwenye fremu.

Sasa CQI-11. Si cheti na hakuna shirika linalokitoa. Ni tathmini anayojifanyia mpigaji zinki mwenyewe, angalau mara moja kwa mwaka, kwa kitabu cha AIAG: maswali ya mfumo, majedwali ya mchakato, na ukaguzi wa kazi moja halisi kuanzia kupokelewa hadi kufungashwa. Kazi hiyo iwe breketi yenu. Anayetathmini awe anajua kemia ya bafu, si karani.

Mkienda kwake msianze na karatasi. Fuateni breketi:

Kuondoa mafuta. Uliza joto la bafu na lilibadilishwa lini. Mimina maji juu ya kipande kilichosafishwa: maji yakitandaa bila kukatika, safi. Yakijikusanya matone, mafuta bado yapo na zinki itabanduka.

Tindikali ya kuondoa kutu. Muda uandikwe. Breketi ya chuma laini haina shida, lakini siku mkimpelekea kitu kigumu zaidi ya 390 HV (kipimo cha ugumu), mfano bolti za daraja la 12.9 au klipu za springi, haidrojeni inaingia kwenye chuma na kukivunja baadaye kikiwa kimekazwa. Hivyo vinahitaji kuokwa tanurini, bora ndani ya saa 4 baada ya zinki. Asipokuwa na tanuri, kazi hiyo haimhusu.

Bafu la zinki. Kama ni la kloridi, uliza matokeo ya uchambuzi: zinki, kloridi, asidi ya boriki, pH. Uliza jaribio la seli ya Hull (kupiga zinki bamba dogo ili kuona hali ya bafu). Kisha inama uangalie chini ya bafu. Vipande vilivyodondoka vikilala humo, chuma kinayeyuka kidogo kidogo, na breketi zinatoka na madoa meusi kwenye kona baada ya kupitishwa kwenye kromi (dawa ya kukinga zinki). Dawa yake inajulikana, haidrojeni peroksaidi kidogo kisha kuchuja, lakini sumaku ya kuopoa vipande kila jioni ni rahisi zaidi.

Kuosha. Maji yasiyotiririka kati ya hatua na hatua yanabeba tindikali hadi kwenye kromi.

---

Kiwanda_Kidogo

Jamaa wa zinki anasema rangi ya manjano ndiyo inayodumu, hiyo nyingine ni urembo. Tumjibu nini?

---

ZinkiNaTindikali

Mwulize manjano hiyo inatoka wapi. Ile manjano ya zamani yenye upinde wa mvua ni kromi-6, na ndiyo mchoro wenu umekataza. Sheria ya Ulaya ya magari yaliyomaliza muda, 2000/53/EC, inaweka kikomo cha asilimia 0.1 ya uzito kwenye kila tabaka la dutu moja kwa risasi, zebaki na kromi-6, na 0.01 kwa kadmiamu. Tabaka la kromi linahesabiwa peke yake, kwa hiyo kusema "ni kidogo sana kwenye breketi nzima" hakusaidii.

Kromi-3 ipo, na ikifungwa kwa sila (tabaka la kuziba) juu yake inapita saa za ukungu wa chumvi (jaribio la kutu) vizuri. Inataka nidhamu ya pH na joto kuliko ile ya zamani, ndiyo maana mafundi hawaipendi. Kuna kromi-3 iliyotiwa rangi ya manjano pia, hivyo jicho halitoshi. Dai karatasi ya kemikali ya muuzaji na jibu la maabara la kromi-6. Ukungu wa chumvi ni ISO 9227, saa ni za mchoro, maabara iwe ya 17025. Ulizeni mapema saa hizo zinahesabiwa hadi kutu nyeupe au nyekundu. Hayo ni majibu mawili tofauti kabisa.

---

Mkaguzi_wa_Nje

Tumalizie upande wa mkataba na huyu jamaa, maana ndipo mwenye uzi atakapobanwa.

Kwa mteja wako, mpigaji zinki ni wewe. Hata kama mteja ndiye aliyekuchagulia, kumsimamia ni juu yako. Na sharti la ISO 9001 linamfuata na yeye. Hana cheti? Njia ni tatu. Aanze safari ya ISO 9001 kwa tarehe zilizoandikwa, nanyi mkimkagua katikati. Au mteja akupe ruhusa ya maandishi ya kumtumia bila cheti (barua pepe ya mnunuzi haitoshi, itoke kwa mtu wa ubora wa wasambazaji). Au mtafute mwingine. Amueni kabla ya PPAP, kwa sababu baada ya kuidhinishwa, kubadilisha mpigaji zinki, chanzo cha chuma, dai au jengo ni kuomba idhini upya.

LPO (hati ya kuagiza) yenu kwake sasa hivi naamini inasema "kupiga zinki, vipande 3,000". Ibadilisheni. Iwe na namba na toleo la mchoro, unene na mahali pa kupimia, kromi-3, alama ya sifa maalumu kwenye tundu, marufuku ya kuvua zinki na kupiga upya bila kuwauliza, wajibu wa kutoa taarifa kabla ya kubadilisha kemikali, na kila bechi irudi na jobu kadi yenye saa, pipa na unene uliopimwa. Kifungu cha 8.4.3.1 kinataka sifa maalumu zishuke hadi pale kazi inapofanyika. Karatasi ikiishia mezani kwa karani wake, haijashuka.

Kisha mpimeni kwa mambo manne kila mwezi: kasoro zilizopokelewa, kusimamisha kazi ya mteja, kuchelewa, na usafiri wa dharura uliolipiwa ziada. Karatasi moja inatosha.

---

MzeeWaPresi

Na umeme. Mpango wa dharura wa karibu kila kiwanda unasema "tutawasha jenereta" basi. Anayekagua atauliza: umeme ulipokatika saa nane mchana, breketi zilizokuwa ndani ya bafu zilikwenda wapi? Kipande kilichokuwa chini ya presi je? IATF ina kifungu chake, 8.5.1.4, uhakiki baada ya kusimama. Andikeni: vilivyokuwa ndani vitengwe na lebo nyekundu, bafu lipimwe joto, kipande cha kwanza baada ya kuwaka kipimwe kama mwanzo wa shifti. Mpango ujaribiwe mara moja kwa mwaka na uwe na rekodi.

---

Kiwanda_Kidogo

Wakuu, nimepanga hivi, mnikosoe. Mwezi wa 1 na 2: mchoro na mteja, vyombo vya kupimia, kumkagua wa zinki. Wa 3 na 4: FMEA, mpango wa udhibiti, dai. Wa 5 na 6: uzalishaji wa majaribio na PPAP. Wa 7: ukaguzi wa ndani na kikao cha uongozi. Wa 8: hatua ya kwanza ya ISO. Wa 9 au 10: hatua ya pili.

---

Mkaguzi_wa_Nje

Unafaa, kwa marekebisho mawili. Omba nafasi kwa shirika la vyeti mwezi wa 3, si wa 7. Ratiba zao hujaa, na kama mkaguzi anatoka nje ya nchi tiketi na hoteli ni juu yako. Na ukaguzi wa ndani usiufanye mara moja. Kagua presi mwezi wa 5, ununuzi mwezi wa 6, mengine wa 7, ili hatua ya pili ikute kasoro mlizoziibua wenyewe mkazifunga. Ripoti ya ndani isiyo na kasoro hata moja humfanya mkaguzi achimbe zaidi.

Msisahau kuwa ISO 9001 iliongezewa maneno Februari 2024 kuhusu mabadiliko ya tabianchi kwenye vifungu 4.1 na 4.2. Mistari miwili kwenye uchambuzi wenu inatosha, ila isipokuwepo ni kasoro ya bure.

Ukibaki na kasoro kubwa, "tumewaelimisha wafanyakazi" si chanzo wala si dawa. Chanzo kijibu mambo mawili: kwa nini kosa lilitokea, na kwa nini mfumo haukulikamata.

---

BintiVernia

Kwenye folda ya PPAP, FMEA ya usanifu si yenu kama usanifu ni wa mteja. Andikeni "haihusiki, usanifu wa mteja", msiache wazi. Ripoti ya mwonekano nayo ni kwa sehemu zenye sharti la mwonekano tu. Kila kipimo kwenye mchoro kipewe namba ndani ya duara, hata noti za pembeni, na ripoti ifuate namba hizo. Uzito kwenye hati ya kukabidhi sehemu uandikwe kwa kilo, nukta nne za desimali, na ulingane na ule wa IMDS (mfumo wa mtandaoni wa kutangaza malighafi zilizomo kwenye sehemu za magari). Kujisajili IMDS ni bure. Zinki na kromi ziingizwe kama tabaka zake, si chuma tu. Uzito ukitofautiana, folda nzima inarudi kwa kitu kilichochukua dakika mbili kupimwa.

---

Kiwanda_Kidogo

Swali la mwisho kwa leo: sampuli kuu (ile iliyoidhinishwa kwenye PPAP) tunakaa nayo muda gani, na wapi? Stoo yetu ina unyevu.

---

BintiVernia

Muda uleule wa rekodi za PPAP: kipindi chote sehemu inapozalishwa au kuhitajika kama spea, kuongeza mwaka mmoja wa kalenda. Kila dai lenye nafasi zaidi ya moja (linalotoa vipande kadhaa kwa pigo), sampuli moja kwa kila nafasi.

Msiiweke stoo. Kabati la chumba cha vipimo, mfuko wa plastiki uliofungwa kwa joto, pakiti ya silika ndani, lebo yenye namba ya sehemu, toleo la mchoro, tarehe ya idhini na sahihi. Msiishike kwa mikono mitupu, jasho la vidole huacha alama nyeupe kwenye zinki. Na ile ya kumwonyesha mwendesha presi iwe nyingine, imefungwa kwa mnyororo kwenye mashine, maana hiyo itachafuka tu.